Maji ya Kidatu

Mwaka 2006, mwaka wa mgawo, shule yetu ilitupakia wanafunzi wa PCM kwenye basi ikatupeleka Kidatu. Mgawo mnaukumbuka: umeme unakatika asubuhi, unarudi usiku watu wameshalala. Tulijisomea kwa chemli. Mimi nilitaka kuwa injinia, na mtambo mkubwa niliowahi kuuona ulikuwa mashine ya kusaga.

Ukumbi wa mitambo uko chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Unashuka kwenye handaki, halafu inakuja ile sauti, ambayo husikii kwa masikio tu, inakupanda kutoka kwenye soli za viatu. Jenereta nne, megawati 204 kwa jumla, ingawa siku ile si zote zilikuwa zikizunguka. Injinia aliyetupokea, mtu mzima mpole, alituandikia ubaoni: nguvu ni kimo cha maji mara kiasi kinachopita kwa sekunde, mara vitu vingine viwili visivyobadilika. Kimo nacho hakisogei sana. Kinachocheza ni maji.

"Mzee, mbona yamepungua?" nikauliza.

"Mvua haba, kijana wangu. Halafu huko juu, Usangu, kuna watu na ng'ombe wanayamaliza."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake.

Mwaka huohuo wafugaji walikuwa wanahamishwa kutoka bonde la Usangu. Tuliporudi shuleni tukafanya mdahalo juu yake, na mimi nikasimama kuunga mkono. Hoja yangu ilikuwa ya hesabu: wachache wahame, wengi wapate mwanga. Nilipigiwa makofi, kusema kweli niliyafurahia. Mwenzangu wa dawati, kwao Mbarali, hakunyanyua mkono. Usiku bwenini ndiyo akaniuliza:

"Kwenu mna umeme?"

"Hatuna."

"Sasa ulikuwa unamtetea nani?"

Nimelibeba swali hilo karibu miaka 20. Jibu rahisi ni kusema mgawo ulikuwa jambo la kweli, na ulikuwa. Hospitali yenye chumba cha upasuaji gizani si hadithi ya kutungwa. Siwezi kusema maji yaachwe tu yajiendee. Lakini hesabu yangu ilikuwa na kasoro mbili, na fizikia haikuhusika na hata moja.

Ya kwanza, sikuhesabu kila kitu. Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kiangazi, ndani ya hifadhi, tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Huko juu kulikuwa na ng'ombe, ndiyo, lakini kulikuwa pia na mifereji ya mpunga, yakiwemo mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yaliyoanzishwa na serikali yenyewe. Bwawa la Mtera, linaloilisha Kidatu, hujazwa zaidi na mafuriko ya masika, na wapo watafiti waliohoji hata namna maji yake yalivyofunguliwa na kufungwa. Ng'ombe wana bahati mbaya moja: wanaonekana. Mfereji haupigi kelele, na mlango wa bwawa unafunguliwa ofisini.

Ya pili inanisumbua zaidi. Niliposema "wengi" nilijiweka humo ndani, mtoto wa kijiji cha vibatari. Nilikuwa tayari mtu mwingine apoteze malisho yake kwa ajili ya mwanga ambao hata mama yangu hakuwa nao. Nadhani hii ndiyo hali ya "manufaa ya umma" mara nyingi: anayelipa anajulikana kwa jina na kijiji, anayefaidi ni neno tu. Basi kabla ya kumwambia mtu ahame, angalau tutaje taa ya nani itawaka.

Uinjinia haukunipata, hesabu za kidato cha sita ziliamua. Familia ya mwenzangu iliswaga mifugo kwenda kusini, na mingi ilifia njiani. Mwaka jana aliniambia kwa simu kwamba nguzo zimefika kijijini kwao, huko Lindi. Nikamuuliza kama ameshaunganishiwa. Akacheka, akaniuliza habari za watoto.