Nyuki, Buibui na Kausha Damu



Likizo hii nipo nyumbani Rahaleo, Mtwara. Juzi nilikwenda shambani, mikorosho imetoa maua na nyuki wamejaa. Kwenye shada moja nikaona nyuki kakamatwa na buibui, yule mdogo anayetembea upandeupande kama kaa. Huyu hategi utando. Anajibanza kimya ndani ya ua, nyuki akitua tu anamkaba na kumfyonza.

Wanasayansi wa London waliwahi kuwapima nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya kwa buibui wa bandia, anayembana nyuki kisha kumwachia. Waliobanwa wakawa waoga kweli: walikagua ua kwanza ndipo watue, na hata maua salama wakayakimbia.

Ila utafiti wa Canada ndio ulionichoma. Nyuki wa jamii hiyo walikuwa na maua ya aina mbili: yenye utamu uleule kila mara, na ya kubahatisha, hapa tele, pale patupu. Kiota kikiwa na akiba, walipenda ya uhakika. Akiba ikipungua, wakaelekea kwenye kubahatisha. Nyuki ni walewale, kilichobadilika ni chungu cha nyumbani.

Sasa nisikilizeni. Dada yangu anauza chakula, mama ntilie. Mwezi uliopita alichukua mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku, ukichelewa wanabeba hadi sufuria. Mimi, na digrii yangu ya falsafa, nikamwuliza, "Kwani dada, hukuona kwamba ni mtego?"

Akanijibu bila hasira, "Niliona, mdogo wangu. Ila watoto walikuwa hawajala."

Nikanyamaza. Seminarini kengele ya chakula hulia mara tatu kwa siku. Kitabu cha Mithali, sura ya 27, kinasema aliyeshiba huikanyaga hata asali, na mwenye njaa huona kichungu ni kitamu. Siku zote nilidhani aya ile inamsema mwenye njaa. Kumbe nimo na mimi, kwenye nusu ya kwanza.

Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano karne ya 4, ndiye msimamizi wa wafuga nyuki. Wengi hawajui kwamba aliandika pia kitabu kizima, akianzia kwa Tobiti, kuwakemea wakopeshaji wa riba. Makali yake aliyaelekeza zaidi kwa mkopeshaji. Sisi kwenye semina za vijana tunafanya kinyume: "Msikope ovyo, msibeti," halafu tunafunga kwa sala, na hakuna aliyeuliza nyumbani kwa mtu kuna nini jikoni.

Deni la dada limebaki shilingi 40,000. Jumamosi jumuiya inasali kwake, na nimeombwa kutoa tafakari. Nimemwomba mwenyekiti mchango upite kwanza. Tafakari itasubiri, na kama muda hautatosha, basi.