Amana ya Mtembezaji

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walinena wahenga, na visiwa vya pwani ya Afrika Mashariki viliuishi msemo huo karne nyingi kabla ya kuja watalii. Zamani mgeni alifika na upepo wa kaskazi na kuondoka na wa kusi. Alileta nguo, vyombo na habari za mbali, akapewa maji, malazi na bidhaa za kurudi nazo kwao. Siku hizi mgeni huja kwa ndege, hukaa siku chache, na anachokinunua ni kitu ambacho zamani hakikuwa na bei: kuonyeshwa na kusimuliwa. Hulipa ili magofu yaelezwe, makaburi yatajwe, na msitu na bahari vifunuliwe mbele yake. Baina ya mgeni huyo na kisiwa amesimama mtu mmoja, naye ni mtembezaji. Mtu anayeuza masimulizi ya kwao ana deni gani kwa ukweli, na mdai wake ni nani?

Jibu jepesi ni kwamba mdai wake ni yule aliyemlipa. Mgeni akiondoka ameridhika, mapatano yametimia. Lakini mgeni ndiye asiyeweza kukipima alichouziwa. Mnunuzi wa samaki hufunua mashavu yake akatazama wekundu. Mnunuzi wa kitambaa huvuta uzi. Mnunuzi wa habari za kale hana cha kubonyeza wala cha kuvuta, huamini tu. Na palipo na kuamini bila ya uwezo wa kupima, pana amana. Amana nayo, katika adabu za visiwani, haihukumiwi kwa furaha ya aliyeiweka, bali kwa uaminifu wa aliyeipokea.

Pachukuliwe mfano wa Kua. Mji huo umo katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Ghuba ya Chole, kusini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia. Mgeni hufika kwa chombo, kwa kufuata maji yanavyojaa na kutoka, kisha huingia kwa miguu baina ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo mizizi ya miti imezikumbatia. Yako mabaki ya jumba kubwa, ya misikiti na ya makaburi. Kuta hizo zinatosha kuonyesha kwamba hapo palikuwa na mji, na kwamba watu wake walikuwa na mali na dini. Lakini kuta hazina kisa, na mgeni amekuja kutafuta kisa.

Kisa kipo, nacho ni cha kutisha. Husimuliwa kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale upande wa magharibi wa Mafia, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa na kulazwa njiani, na jahazi likapitishwa juu ya miili yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka mingi. Kisha nao wakawaalika watu wa Kisimani harusini, katika chumba kilichokuwa chini ya ardhi. Karamu ikiendelea, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe, wageni wakiwa ndani.

Je, mtembezaji anayekisimulia kisa hiki hana ushahidi, na kwa hiyo ni mwongo? La hasha. Neville Chittick, aliyechapisha taarifa ya uchimbaji wake wa Kisimani mwaka 1961, alishughulika na kuta na vigae vya vyombo. Na kigae hakiwezi kuthibitisha harusi wala kuikanusha. Pengine kisa hicho ni kumbukumbu ya uhasama wa kweli baina ya miji miwili, iliyovishwa sura ambayo watoto hawataisahau. Pengine ni onyo juu ya ukarimu unaogeuzwa mtego, jambo zito kwa watu wa visiwani ambao maisha yao yote yalisimama juu ya kupokeana. Kisa cha namna hii kina ukweli wake, na kukinyima nafasi ni kuwanyima wazee waliokihifadhi.

Hata hivyo, masharti yapo, na masharti hayo hayakuletwa na maprofesa. Msimulizi wa ngano alianza kwa kutamka "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia "Pakawa!" Itikio hilo lilikuwa ni mkataba: msikilizaji amejua anaingia wapi, na ameridhia. Katika elimu ya dini, ambayo visiwa hivi vimeilea kwa karne nyingi, mwanachuoni hakukubaliwa kusema tu kwamba jambo fulani lilitokea. Alitakiwa ataje nani alimpokeza, na huyo alipokezwa na nani. Pale ujuzi wake ulipokoma alifunga kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi, na hakuna aliyemdharau kwa hilo. Mtembezaji anayesema "wazee wa Juani husimulia" ameishika adabu hiyo. Anayesema "hapa ndipo walipozikwa hai" huku akinyooshea kidole ukuta wowote ulio karibu, ameiba ridhaa ya msikilizaji wake. Tofauti baina ya wawili hao ni maneno machache tu, lakini katika maneno hayo ndimo ilimo amana yote.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi anapotajwa adui. Mwanzoni mwa karne ya 19 Kua ilishambuliwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Bukini, yaani Madagaska, na watu wengi wakachukuliwa utumwani. Masimulizi yanaongeza kwamba wavamizi hao walikula watu. Nyongeza hiyo humsisimua mgeni kuliko maelezo yoyote, na kwa sababu hiyo hasa yafaa iangaliwe kwa makini. Duniani kote watu walioumizwa wamewatuhumu maadui zao kwa kula watu. Ni njia ya kusema kwamba ubaya uliotendwa ulipita kiasi cha maneno ya kawaida. Nao Wasakalava wana wajukuu hadi leo. Maiti wa pande zote mbili hawana wakili kule magofuni. Mtembezaji ndiye wakili wao wa pekee, apende asipende, na malipo ya mgeni hayampi ruhusa ya kumhukumu asiyekuwapo.

Yawezekana mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya kale mno, na kwamba chumvi kidogo haiharibu mchuzi. Mfano ulio mzito zaidi uko Unguja, Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo si ngano. Lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na katika mwaka huo huo wamisheni wa Kianglikana walianza kujenga kanisa juu ya uwanja wake. Kando ya kanisa lipo jengo lenye vyumba vya chini, vyembamba na vyenye kiza, ambamo wageni huingizwa na kuambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo wakisubiri mnada. Wengi hutoka wakifuta machozi. Lakini jengo hilo lilijengwa na wamisheni, baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekuwa wakihoji masimulizi hayo kwa muda mrefu.

Mtetezi wa masimulizi hayo atauliza: ubaya uko wapi? Utumwa ulikuwapo, mateso yalikuwapo, na mgeni ameguswa moyo. Ubaya ni kwamba jambo la kweli limeegemezwa juu ya nguzo isiyokuwa yake. Siku nguzo hiyo itakapoanguka, hatakosekana mtu wa kusema kwamba kama chumba ni uongo, basi na soko ni uongo, na minyororo ni uongo, na waliouzwa hawakuwapo. Historia ya utumwa visiwani ina majeraha ambayo bado hayajapona, na wapo wanaotamani isahaulike, kama walivyopo wanaotamani kuigeuza silaha. Mtembezaji anayetia chumvi anadhani anawatetea waliouzwa. Kumbe anawapa wakanushaji jiwe la kuwarushia. Pale nje ya kanisa ipo sanamu ya watu watano shimoni, minyororo shingoni, iliyofanywa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Sanamu hiyo humliza mgeni vilevile, nayo haijifanyi kuwa kitu kingine zaidi ya sanamu. Machozi ya haki hayahitaji hila.

Amana hii haiishii kwa wafu. Viumbe wa visiwani nao hawana ulimi. Karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, huonekana potwe, papa mpole mwenye madoa meupe ambaye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Katika kisiwa cha Chole wako popo wakubwa walao matunda, ambao ndugu zao wako Komoro na Shelisheli, na ambao mchana hulala wakining'inia mitini. Mgeni aliyelipa anataka kumwona potwe kwa karibu, na anataka popo waruke ili wapendeze pichani. Kupiga makofi chini ya mti ni jambo la nukta moja, na kumziba potwe njia kwa mashua ni jambo la dakika moja. Lakini popo aliyeamshwa mchana na potwe aliyezungukwa wamelazimishwa kusema uongo juu ya maisha yao: mgeni atarudi kwao akidhani ameona desturi yao, kumbe ameona hofu yao. Sheria zipo, na Mafia ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995. Hata hivyo, katikati ya maji sheria haina macho mengine ila ya nahodha na mtembezaji.

Hoja nzito ya upande wa pili ni njaa. Ni rahisi kuhubiri ukweli kwa aliyeshiba. Mtembezaji wa kisiwa cha mbali mara nyingi ni kijana asiye na mshahara wa kudumu, ambaye chakula cha jioni kinategemea bakshishi, na bakshishi hutegemea msisimko. Unguja vijana wanaowaandama wageni mitaani wamepewa jina la papasi, jina la mdudu anyonyaye damu; na wanaowaita hivyo huwa hawaulizi kampuni iliyouza safari nzima ilibakiza kiasi gani kwa ajili ya mtu anayesimama juani na kusimulia. Hoja hii ni ya kweli, lakini haifuti deni, inaligawa. Kampuni inayoahidi kwenye tangazo lake kwamba mgeni lazima atamwona potwe imekwisha kumuuza mtembezaji kabla hajapanda mashuani. Mji unaowaacha wazee wake wafe bila ya kuulizwa majina ya waliolala makaburini umemnyima kijana huyo bidhaa halali ya kuuza. Na mgeni anayetaka kila jiwe liwe na damu naye ni mshirika.

Anayekubali kugawana deni hilo atagundua kwamba ukweli si bidhaa duni. Maneno "haijulikani" na "wazee husimulia" humpa mgeni kitu ambacho chumvi haiwezi kumpa: humweka mahali alipo mwenyeji mwenyewe, mbele ya ukuta uleule, akijiuliza maswali yaleyale. Huko ndiko kukaribishwa kwa kweli. Na pale mtembezaji anapomwomba mgeni asipite ndani ya msikiti wa Kua kwa mavazi ya kuogelea, akimweleza kwamba msikiti uliobomoka haujaacha kuwa msikiti kwa wanaosali, huenda akapoteza tabasamu moja na noti moja. Lakini hapo mwenyeji anapona kama wahenga walivyoahidi, kwa kuwa mgeni amekuja na bado nyumba ni ya wenyewe.