Kusukuma Gari ya Mbishi

Swali langu ni la kawaida, halihitaji chuo. Jirani amekufungia njia ya kwenda bombani. Umemwendea mara tatu, amekataa mara tatu, na hiyo ya tatu hata kiti hakukupa. Halafu siku moja alfajiri gari yake inakataa kuwaka, betri imekufa, na wewe ndiye uliye karibu. Unasukuma kwanza, au unamwambia kwanza fungua njia?

Najua wengine watacheka: mkimbizi na magari wapi na wapi? Lakini sisi tunaokaa huku Lobule na vijiji vya Koboko tunajua gari ya jirani ni jambo la watu wote. Usiku mtoto akishikwa na malaria, au mama akishikwa na uchungu, unatafuta boda. Boda ikikosekana unatafuta ile Corolla moja ya kijiji, ambayo mwenyewe ni mgumu kama mti wa mkwaju. Kwa hiyo tunalo neno la kusema kuhusu betri. Gari hatuna, mabega tunayo.

Wacha nianze na betri yenyewe, kwa sababu watu hubishana sana kuhusu msaada bila kuuliza huo msaada unagharimu nini. Betri ya gari ndogo ni ya volti 12. Kazi yake kubwa ni moja na ni fupi: kuzungusha staata kwa sekunde chache. Katika hizo sekunde inatoa umeme mwingi sana, mamia ya ampea. Injini ikishawaka, alteneta inachukua kazi na kuanza kuirudishia betri kile ilichotoa. Ndiyo maana ukimshtulia mwenzako kwa waya, gari yako ikinguruma, unampa kitu ambacho injini yako itakirudisha mwenyewe ukiwa njiani. Mafuta kidogo, dakika kumi, basi. Na kama waya hakuna, mnasukuma. Dereva anafungua swichi, anakanyaga klachi, anaingiza gia ya pili. Gari ikishika mwendo anaachia klachi, na magurudumu yanazungusha injini badala ya staata. Gari ya otomatiki haikubali hiyo, usijichoshe. Lakini hizi kuukuu zetu zinakubali, na mnachotoa ni jasho la hatua hamsini.

Sasa kama gharama ni ndogo hivyo, kwa nini kumsukumia mbishi kunakuwa kuzito? Kwa sababu siku ile hatuhesabu jasho, tunahesabu madeni. Siku betri imekufa ndiyo siku pekee ambayo mbishi anatuhitaji, na tunaona tukiiacha ipite hivi hivi hatutapata nyingine.

Niliona jambo hili kwa macho yangu, si mbali sana na ile lami inayotoka Arua, ikapita Maracha na Koboko, ikaenda mpaka Oraba. Kijiji sitakitaja, wahusika wapo na wengine wanasoma. Muzee mmoja Mkakwa alikuwa ameziba kwa miiba njia ambayo akina mama wa upande wetu walipitia kwenda majini. Alisema mbuzi wetu wamemaliza mihogo yake. (Walikuwa wameingia kweli, si uongo.) Bila ile njia, mama anazunguka kilima kizima na jerikani kichwani, kwenda na kurudi, kila siku. Muzee huyo huyo alikuwa amemfukuza mama mmoja mjane, aliyetoka upande wa Aru, kwa sababu ya nyasi za kuezekea, akamsema vibaya mbele ya watoto wake.

Asubuhi moja muzee anataka kumpeleka mjukuu hospitali. Mtoto amelegea begani kwa bibi yake. Corolla inalia tik, tik, kimya. Vijana wetu wanane wamekaa chini ya mwembe, wanaona kila kitu. Hakuna aliyeinuka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Muzee, toa miiba kwanza, halafu tusukume." Muzee hakujibu. Hakuomba pia. Alishuka, akaweka bega lake kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, akasukuma peke yake. Gari haikusogea hata hatua moja.

Aliyekwenda ni yule mama wa nyasi. Alikaza kitenge, akapita mbele ya vijana, akawauliza, "Huyu mtoto ndiye aliyeweka miiba?" Akaenda nyuma ya gari akaanza kusukuma. Wakaona haya wawili, halafu wanne. Gari ikawaka kwenye mteremko. Muzee akaenda zake bila kusema asante. Mtoto alipona. Na miiba ilibaki pale pale, wiki ile, na mwezi ule, na uliofuata.

Hapo ndipo vijana walipomcheka mama. Umeona sasa? Umesukuma, umepata nini? Naomba tusiwadharau hao vijana, kwa sababu hoja yao ina uzito. Wanasema hivi: ardhi ni ya koo zao, elsiwani ni wa ukoo wao, lugha ya kikao ni yao. Sisi tuna nini mkononi cha kumfanya mtu mgumu atusikilize? Tuna zile dakika chache ambazo yeye anatuhitaji. Ukituambia tuzitoe bure, umetuambia tuishi kwa huruma ya watu mpaka mwisho. Na wataongeza kwamba wafanyakazi wakigoma hakuna anayewaita wabaya. Kunyima kazi ni silaha ya mnyonge tangu zamani.

Ni kweli. Lakini angalia vizuri mgomo unanyima nini. Wanaogoma wananyima kazi ile ile ambayo malipo yake yanagombaniwa. Kama muzee angewaita vijana wale wamlimie shamba, nao wakasema hatulimi mpaka tupate njia, mimi ningekaa nao chini ya mwembe. Hapo wangenyima kitu kilichomo ndani ya ugomvi wenyewe. Homa ya mjukuu haimo. Waliitafuta mahali ambapo muzee anaumia zaidi, wakabonyeza hapo. Huko si kudai haki, ni kumshika mtoto rehani, hata kama anayedai ana haki. Tena rehani yenyewe haina faida: ahadi inayotolewa gari ikiwa imezimika huisha gari ikiwaka. Muzee angetoa miiba saa ile, jioni angerudisha na mingine juu yake, na angekuwa na sababu ya kusimulia ukoo mzima.

Swali hili ni la zamani kuliko magari. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, watu wanaamriwa kwamba wakikuta punda wa mtu anayewachukia ameanguka chini ya mzigo wake, wasipite, wamsaidie mwenyewe kumwinua. Haikuandikwa wapatane kwanza. Haikuandikwa pia kwamba chuki imekwisha; punda anainuka na chuki inaweza kubaki. Wanazuoni wa Kiyahudi kwenye Talmud walikwenda mbali zaidi. Walisema ukikuta rafiki anahitaji kumshushia mnyama wake mzigo, na adui anahitaji kumpakia wake, uanze na adui, ili uitawale nafsi yako. Mimi hapo siwafuati moja kwa moja, maana rafiki naye ana mgongo. Ila nakubali kwamba walijua kitu: kazi ngumu pale haiko kwenye mzigo. Na Waislamu wa Arua na Koboko watakwambia jirani ana haki yake kwa ujirani tu, awe wa dini yao au asiwe.

Lakini kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi kuliko miiba. Kwa nini muzee hakuomba? Wazee wa huku walikuwa wakimbizi kabla yetu. Mwaka 1979 Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, alipoangushwa, kisasi kiliwafuata watu wa West Nile waliokuwa hawajafanya lolote. Mwaka 1980 wengi walivuka kwenda Zaire na Sudan. Juni 1981, wengine waliobaki wakauawa kwenye misheni ya Ombaci, hapo hapo karibu na Arua. Waliokimbia waliishi Aru, Yei na kwingineko, kwenye mashamba ya watu, mpaka walipoanza kurudi miaka iliyofuata. Kijana atasema basi ndiyo maana wangetuhurumia. Wengi wanatuhurumia kweli, mashamba tunayolima ni ushahidi. Lakini kuna mtu ambaye akishasimama foleni na sahani mkononi anaapa moyoni kwamba hatasimama tena. Yaliyomo moyoni mwa yule muzee siyajui. Najua tu nilimwona akiona ni afadhali asukume gari peke yake kuliko kuwaambia vijana wadogo, "Nisaidieni."

Na sisi tunaijua hali hiyo nyumbani kwetu. Tangu mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023, ili ubaki kwenye kundi la juu inabidi uonekane umechoka kuliko jirani yako. Watu wanaficha mbuzi. Mtu anamwambia mke wake asivae kitenge kipya siku ya wageni. Mimi simlaumu aliyetengeneza makundi, chakula kilikuwa kimepungua na lazima wachague. Nasema tu kinachotuuma pale ni kudaiwa tuinamishe kichwa kwanza ndipo mkono unyooshwe. Sasa "toa miiba kwanza, halafu tusukume" ni nini? Ni ile meza ile ile tunayoilalamikia, safari hii sisi ndio tumekaa upande wa pili.

Hapa sitaki mtu anisome vibaya akadhani ninasema mkimbizi akae kimya, asaidie kila mtu, asubiri mbinguni. Kuna msaada ambao hata ukitaka huwezi. Betri ya boda ni volti 12 kama ya gari, lakini ni ndogo mno, haiwezi kuzungusha staata ya Corolla. Moyo upo, nguvu hakuna. Malori makubwa yanayovuka Oraba yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na ukiunganisha hiyo na gari ndogo unaweza kuchoma vitu vyake vya umeme. Hata ukiwa na betri inayofaa kuna utaratibu. Waya mwekundu unaanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na ile ncha ya mwisho unaibana kwenye chuma kitupu cha injini inayosaidiwa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi na cheche inaweza kuilipua. Fundi mmoja wa Arua aliniambia wengi wanaijua hiyo kanuni, wanaipuuza kwa sababu ya haraka.

Ugomvi wa maji nao hulipuka. Septemba 2020 kule Rhino Camp, mapigano ya wenyeji na wakimbizi yaliyoanzia bombani yaliua watu wapatao kumi. Kwa hiyo ile njia iliyozibwa si jambo dogo la kumwachia Mungu. Inadaiwa. Swali ni inadaiwa wapi na lini.

Yule mama alikuwa na jibu kabla yangu. Miezi miwili baada ya asubuhi ile, kamati ya wakimbizi ilipopeleka shauri kwa elsiwani, mlalamikaji wa kwanza kuandikwa alikuwa yeye. Muzee alishangaa mbele ya watu: "Si huyu ndiye aliyenisukumia gari? Leo ananishtaki?" Mama akasimama, akasema kwa heshima kabisa, "Ndiyo baba. Gari ni gari, njia ni njia." Watu wakacheka, muzee mwenyewe akageuza uso. Vijana waliomcheka mama walikuwa pale nyuma, na nadhani walielewa kitu ambacho mimi nimetumia kurasa nzima kukieleza: kusukuma hakukumpunguzia dai lake hata kidogo. Wala hakuja kudai kwa sababu alisukuma. Hakuitaja gari mpaka muzee alipoitaja.

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliposikia habari hii alifurahi, akataka kuiandika kama hadithi ya mafanikio ya kuishi kwa amani, na picha ya mama na muzee wakishikana mikono. Nilimwambia, dada, mafanikio yapi? Miiba bado ipo. Akauliza basi aandike nini. Nikamwambia aandike kwamba kuna kikao, na kama ofisi yao ina kitu cha kutoa, itoe kamba za mbuzi na turubai la kukalia watu, mvua inanyesha.

Kikao cha pili kimepangwa baada ya palizi. Muzee amekubali njia ya upana wa mtu mmoja na jerikani yake, sisi tumekubali kufunga mbuzi, lakini hajaondoa mwiba hata mmoja mpaka aone kamba. Mbuzi wengi sasa wanafungwa, isipokuwa wa nyumba mbili, ambazo zinajijua.