MGUU ULIOUMIA NA MBIO ZILIZO MBELE YETU

Masomo: Waebrania 12:1-13, 2 Wafalme 20:1-7, Yohana 9:1-3





Wengi wetu tunaujua mstari wa kwanza wa Waebrania 12, ule unaotuita tupige mbio kwa saburi. Vijana wanaupenda sana. Lakini ni wachache wanaofika mstari wa 12 na wa 13. Huko mwandishi anawakumbuka wenye magoti malegevu, na anaagiza njia inyoshwe ili kiungo kilichoumia kipone, kisiharibike zaidi. Sura iliyoanza na mwenye mbio inamfikia mwenye kuchechemea, na wote wawili wako katika njia moja.

Tunaandika haya kwa sababu ya jambo tunaloliona katika parokia zetu. Kijana anajizoeza kwa mbio ndefu, za kilomita 21 au 42. Anaamka alfajiri na kukimbia barabarani, na jioni anakuja kwenye mazoezi ya fanfari. Siku moja kisigino kinaanza kumchoma. Asubuhi akishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama kukanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu yanapungua, naye anasema yamekwisha, anaongeza kilomita. Baada ya majuma machache hawezi hata kuandamana na wenzake siku ya ibada.

Ndipo maneno yanaanza. Mmoja anasema ametenda dhambi. Mwingine anasema amelogwa. Wa tatu anamwambia kwamba angekuwa na imani asingekwenda kwa dokta. Kijana anaona haya, anaficha maumivu na kuendelea kukimbia juu ya mguu mbovu. Asipopona upesi, anajiona ametupwa na Mungu, na mwisho analikimbia kanisa. Hapo tumepoteza mguu na mtu pia.

Tulifundishwa mambo matatu: mapendo, amri na kazi. Tuyatumie hayo matatu juu ya mguu huu.

1. MAPENDO

Wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu aliikataa hukumu hiyo. Sisi ni nani hata tuirudishe?

Mara nyingi sababu ya maumivu iko wazi. Kijana ameongeza kilomita upesi mno. Soli za viatu vyake zimekwisha. Hana siku hata moja ya pumziko. Chini ya wayo kuna mshipa mpana unaotoka kisigino kuelekea vidole. Ukivutwa kila siku bila kupumzishwa, unauma. Hata mfupa wenyewe ukipigwa mara elfu nyingi juu ya njia ngumu unaweza kupata ufa mdogo. Kwa mahubiri ya Papa Simon Kimbangu, mwaka 1921, watu walitupa hirizi zao. Haifai watoto wa kazi hiyo wamtafute mchawi kwa kila kisigino kinachouma. Mapendo yanauliza kwanza: unaumwa wapi, tangu lini, na tukusaidie namna gani?

2. AMRI

Wengine wanamtaja mfalme Asa, ambaye miguu yake iliugua naye akatafuta waganga (2 Nyakati 16:12). Wasome vizuri. Kosa la Asa lilikuwa kumwacha Mungu. Alikuwa amekwisha kumwacha tangu alipomtegemea mfalme wa Shamu. Sasa tumtazame Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba atapona. Kisha nabii huyo huyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Nabii aliyeleta neno la uponyaji ndiye aliyeagiza dawa. Basi mtu asitenganishe maombi na matunzo.

Pumziko nalo ni amri. Mungu aliyesema tufanye kazi siku sita ndiye aliyeitakasa siku ya kupumzika. Na sisi tunaovua viatu tunaposali tunajua kwamba hata nyayo zetu zinasimama mbele zake. Mwili ni hekalu. Hatuna ruhusa ya kuubomoa kwa ajili ya medali.

Kwa hiyo, vijana, shikeni haya. Maumivu yakikufanya uchechemee, acha kukimbia siku hiyo hiyo. Mguu ukiwa umeteguka na kuvimba, upumzishe, uinue juu, uweke kitambaa chenye maji baridi. Usikubali ukandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku za kwanza, maana uvimbe unaweza kuzidi. Usipoweza kutembea hatua nne, au mfupa ukiuma mahali pamoja unapobonyezwa, nenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje hata kwa kidonda kidogo. Fahamuni pia kwamba ufa mdogo wa mfupa pengine hauonekani kwenye picha ya kwanza; maumivu yakiendelea, rudi ukaonwe tena. Ufa wa namna hiyo mara nyingi unataka majuma 6 hadi 8 ya kupumzika, na pengine zaidi. Kisha anza kwa kutembea. Ukitembea bila maumivu, kimbia kidogo, na kuongeza uongeze polepole.

3. KAZI

Kijana atauliza: na mimi nifanye nini wakati wenzangu wanakimbia?

Tumkumbuke Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 alishinda mbio za marathoni huko Roma bila viatu, na mwaka 1964 akashinda tena huko Tokyo. Mwaka 1968 huko Mexico alianza mbio akiwa na mguu ulioumia, na baada ya kilomita kama 17 akatoka. Lakini mwenzake Mamo Wolde aliendelea, naye akashinda. Ethiopia haikukosa medali kwa sababu Bikila alisimama. Mwaka 1969 ajali ya motokari ilimpooza miguu; mwaka 1970 alishindana kwa upinde huko Uingereza, akiwa katika kiti cha magurudumu. Mbio zilikwisha, lakini kazi yake ilikuwa bado.

Lakini sisi tunao mfano ulio karibu zaidi. Kazi ya Nkamba ilianza tarehe 6 Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha, Papa Simon Kimbangu alikuwa amekwisha kukamatwa na kuhukumiwa. Miaka 30 alikuwa mfungwa, hata kufa kwake Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Wakoloni walidhani wakimzuia mtu mmoja, mbio zimekwisha. Mama Muilu Marie aliichukua kazi kwa siri, na waaminifu pamoja naye, hata kanisa likatambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959. Yeye asiyeweza kutoka katika kuta nne hakuhesabiwa kuwa ameacha mbio.

Basi wewe uliyefungwa na kisigino, usijihesabu nje. Waandikie wenzako saa zao. Wabebee maji. Fundisha watoto masomo ya Biblia. Kama dokta amekuruhusu, panda baiskeli ili pumzi isipotee. Usione haya kukaa wengine wanaposimama.

Nanyi wachungaji na wazazi, kunyosha njia ni kazi yenu. Kijana akikosa pesa za kupigwa picha ya mfupa, parokia imchangie kama tunavyochangia ujenzi. Msimwombee siku moja na kumsahau siku thelathini. Mtembeleeni, mkasali naye, mkaulize habari ya mguu wake.

Mungu wa baba zetu aiponye miguu iliyoumia, awape saburi wanaongoja, na atufikishe pamoja, wenye mbio na wenye kuchechemea. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.