Wimbo Usio Wangu

Kijana anayeanza kupiga gitaa hapa Nyarugusu huulizwa swali moja: unajua nyimbo ngapi? Hakuna anayemuuliza amezipata kwa nani. Mimi naona swali hili la pili ndilo zito, na wengi wetu tunalikwepa kwa sababu harusi ni Jumamosi na bibi harusi hasubiri falsafa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana ndugu zetu wa mashirika mara nyingi hutuona tukiwa jukwaani tu. Nyimbo zangu ziko kwenye daftari la shule. Mbele nimeandika zile ninazoweza kupiga gizani, jenereta likizima. Katikati ni zile ambazo vidole vinajua lakini maneno bado. Nyuma ni zile ninazozisikia kichwani tu. Wimbo unaweza kuchukua miezi kutoka nyuma kwenda mbele, na nyingine hazifiki kamwe. Rumba ya kwetu Kongo inataka solo, akompa, mi-solo na besi. Sisi tuna gitaa moja la nyuzi tano, na uzi mmoja ni waya wa breki ya baiskeli tuliofumua. Kwa hiyo ukiingia seben, mwimbaji anabaki mtupu. Yaani unachagua. Lakini hayo yote ni jasho, na jasho linafundishika.

Kambi hii ilifunguliwa 1996 kwa ajili yetu Wakongomani. Kuanzia 2015 wakaja Warundi wengi. Leo harusi moja ina wajomba wa Kibembe upande huu, mashangazi wa Kirundi upande ule, na majirani wa Kifuliiru nyuma ya turubai. Ukiwa na nyimbo za lugha moja, nusu ya watu hawanyanyuki kwenye benchi. Basi unakusanya huku na huku. Hapo ndipo ninapoambiwa, "Yaya, huo wimbo si wako."

Kama maana yake ni lugha, sikubali. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akaja Dar es Salaam 1978, akaimba kwa Kiswahili mpaka Watanzania wakalia na wimbo wake "Kifo" kama wa kwao. Na "Malaika" je? Fadhili William na Adam Salim waligombea nani aliutunga, huku dunia nzima inauimba. Wimbo hauombi kibali cha kutoka kambini.

Lakini kuna bibi mmoja wa zoni yetu aliyenifundisha wimbo wa matanga. Kwao huimbwa na mama aliyefiwa na mtoto, naye peke yake. Alinipa ili usipotee, kwa sababu watoto wake waliobaki hawataki kuusikia. Sauti zake ni tatu tu, naweza kuupiga gizani. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliusikia mazoezini akaniomba niuimbe Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, mbele ya wageni. Aliomba kwa nia njema kabisa. Nilikataa. Wageni wangepiga makofi, na mimi sikutaka makofi yaangukie pale.

Rafiki yangu Mrundi alinibana vizuri: ati mwaka 2017 serikali ya kwao ilitoa amri kwamba wanawake wasipige ngoma, na hata wanaume wawe na ruhusa. "Wewe na amri ile mnatofautiana wapi? Nyote mnafunga." Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Jibu langu mpaka sasa ni hili: tazama anayefunga. Ngoma ile ilifungwa na mwenye nguvu, akawafungia wengine. Wimbo wa bibi umefungwa na mwenye uchungu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ufunguo. Akisema niuimbe, nitauimba.

Linalonisumbua zaidi ni wimbo mwingine, wa harusi, mzuri, wa lugha ya watu waliochoma kijiji cha mpiga ngoma wangu. Bwana harusi mmoja aliuomba. Alikuwa akiimbiwa na mama yake. Vijana wa bendi waliweka vyombo chini. Mimi niliupiga peke yangu na gitaa, wote tisa wa ubeti wake. Nasema hivi: wimbo ule haukushika kiberiti, na yule mama hakushika kiberiti. Ila siwezi kumwambia mtu aliyeuona moto ule kwamba masikio yake yanakosea. Sikumlazimisha apige, naye hakunizuia.

Baada ya siku ile aliacha bendi. Wimbo uko kwenye kurasa za mbele za daftari. Tunakutana bombani asubuhi, tunasalimiana, ananiuliza habari za watoto. Ngoma yake bado iko nyumbani kwangu.