Sikukuu Ugenini

Sikukuu ni siku inayomrudisha mtu kwao. Siku za kazi humpeleka kila mmoja njia yake: mkulima shambani, baharia baharini, mwalimu darasani; lakini sikukuu ikiwadia, kila moyo huelekea mlango ulioufahamu kwanza. Hata aliye mbali huketi mezani kwao kwa fikira. Kwa sababu hiyo hapana siku ambayo ugeni huwa mzito kama sikukuu. Mgeni aweza kusahau miezi mingi kwamba yeye ni mgeni, maana kazi humshughulisha na kumchosha kama imchoshavyo mwenyeji. Kisha siku moja ya furaha humkumbusha yote.

Wageni ni wa namna nyingi. Yuko aliyesukumwa na njaa, yuko aliyevutwa na biashara, na yuko aliyetumwa na serikali yake. Mmisionari wa Kikristo ni mgeni wa namna ya peke yake. Aliondoka kwao kwa hiari, na sikukuu inayomtia upweke ndiyo hiyo hiyo aliyovukia bahari ili awape wengine. Mfanyabiashara akiadhimisha ugenini sikukuu ya kwao, hufanya jambo la nyumba yake, na jirani hana haja ya kuuliza. Mmisionari hana faragha hiyo. Namna anavyoiadhimisha Noeli au Pasaka ni somo, apende asipende, na wanaomtazama hujifunza. Basi swali linalomkabili si dogo: sikukuu hiyo ni ya nani? Ni ya nchi aliyoiacha, au ni ya watu anaoishi kati yao? Na shauku yake ya nyumbani aifanyeje?

Shauku yenyewe si dhambi. Mila za Noeli za Ulaya ya kaskazini zilizaliwa na hali ya nchi. Mwezi wa Desemba mchana wa huko ni mfupi kabisa. Mjini London jua huchwa kabla ya saa kumi za jioni, miti mingi imepukutika majani, na baridi huwakusanya watu ndani. Katika giza kama hilo mshumaa husema bila kinywa, mti usiopoteza ubichi wake ni dalili ya uzima, na mlo mzito ni kinga ya mwili. Pasaka nayo huangukia majira ya kuchipua, wakati ardhi iliyokuwa kama mfu inapotoa maua. Mtu aliyekulia huko alikutana na imani yake imevaa mavazi hayo, wala hawezi kuivua kwa siku moja. Akifika Rabai au Unguja, Noeli humkuta katika joto, usiku na mchana zikikaribiana kwa urefu, na Pasaka humkuta katika masika, njia zimejaa matope na magugu yakishindana na mahindi. Imani ni ile ile, lakini dalili alizozizoea hazipo. Moyo wake ukilia, hapana mwenye haki ya kuucheka.

Kosa huanzia mahali pengine. Huanza pale mtu anapoidhania dalili kuwa ndiyo kitu chenyewe, na kumpima mwenzake kwa dalili hiyo. Hapa historia ni tabibu mzuri. Mti wa Noeli ni mila ya Wajerumani. Katika Uingereza ulienea hasa tangu miaka ya 1840, wakati wa Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani. Askofu Tozer na Dakta Steere, walioshuka Unguja mwaka wa 1864, walizaliwa kabla mila hiyo haijaenea nchini kwao. Huko Uskochi mambo yalikuwa makali zaidi. Bunge la nchi hiyo lilifuta mapumziko ya Noeli mwaka wa 1640, kwa kuwa kanisa la huko liliona kwamba sikukuu hiyo haikuamriwa na Maandiko, na siku hiyo haikupata kuwa sikukuu ya serikali mpaka mwaka wa 1958. Na Ethiopia, ambayo kanisa lake ni kongwe kuliko makanisa mengi yaliyotuma wamisionari Afrika, huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 7 Januari. Basi mambo ambayo mmisionari huyaita ya asili kwao, mengi yalikuwa wageni huko pia, yakapokewa mlangoni na kupewa kiti. Mwenye kulijua hili hatakuwa mwepesi wa kusema kwamba Noeli bila kitu fulani si Noeli.

Mfano mmoja watoka Ujiji. Siku ya Noeli ya mwaka wa 1871 David Livingstone, Mskochi aliyekuja Afrika kwanza kama mmisionari, alikuwa huko pamoja na Henry Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta. Stanley alieleza katika kitabu chake kwamba walikusudia kuiadhimisha siku hiyo kama ilivyoadhimishwa kwao. Vitu vilikuwa tele: kondoo wanono, mbuzi, mayai, maziwa mabichi, ndizi, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Vingine vilitoka sokoni, na vingine kwa mzee Mwinyi Kheri, ambaye alikuwa Mwislamu. Stanley, aliyekuwa ametoka kitandani kwa homa, alimfundisha mpishi wake Faraji asubuhi ile umuhimu wa siku hiyo na siri za upishi wake. Nyama ikaharibika, maziwa na mayai yakaungua, na karamu ikawa si karamu. Stanley aliweka lawama juu ya mpishi, tena kwa maneno ya dharau.

Lakini msomaji aweza kuuliza swali ambalo Stanley hakuliuliza. Je, mtu aweza kufundishwa kwa saa chache ladha ya utoto wa mtu mwingine? Soko la Ujiji lilikuwa na vyakula vya kutosha kumshibisha mfalme, na hapana shaka Faraji alijua namna ya kuvipika vikapikika. Kilichoungua siku ile hakikuwa neema ya Ujiji. Iliyoungua ni tamaa ya kuifanya Ujiji iwe mahali pengine kwa siku moja.

Mfano wa pili watoka Unguja, nao ni mzito zaidi. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko hilo. Siku hiyo hiyo Susi, Chuma na wenzao walikuwa njiani wakiuchukua mwili wa Livingstone kwenda pwani. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Noeli ile ilikuwa siku ya furaha kuu kwa Steere na wenziwe. Lakini waliozungukwa nao ni nani? Wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto na watu wazima, waliotolewa katika nchi za bara, wengine toka pande za Ziwa Nyasa. Nao pia walikuwa ugenini. Mmisionari alikuwa na barua za nduguze, alijua jina la kijiji chake, na meli ya kumrudisha ilikuwa ikipita bandarini. Mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo hakuwa na barua, wala meli, wala njia ya kurudi. Mmoja aliliacha pato la nyumbani kwa hiari yake. Mwingine alinyang'anywa nyumba yenyewe.

Hapa ndipo shauku ya mmisionari hupata kipimo chake. Hakuamriwa asiikumbuke Uingereza. Lakini aliyesimama karibu na mtu wa namna ile, akayaona machozi yake mwenyewe tu, alikuwa hajaona kitu. Upweke una faida moja kubwa: humfundisha mtu kuutambua upweke wa wengine. Mgeni anayeitumia shauku yake kuwa dirisha humwona jirani. Anayeitumia kuwa kioo hujiona mwenyewe.

Yamkini mtu atasema: kama ni hivyo, mmisionari na aache kila kitu cha kwao, asiimbe wimbo wa mamaye wala asiwashe mshumaa. Shauri hili lina sura ya unyenyekevu, lakini ndani yake lina ila mbili. Kwanza, mtu asiye na kumbukumbu hana cha kuwapa watu. Mwenyeji hufurahi kumjua mgeni wake, wala hawezi kumjua ikiwa amejificha. Pili, wenyeji wana hiari yao. Katika makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki tawi hupambwa na pamba hubandikwa juu yake kuigiza theluji, ingawa wengi wa wanaoibandika hawajaiona theluji. Wameuchagua mzaha huo mtamu wenyewe, na sasa ni wao. Mmisionari anayekuja kuwakataza kwa hoja kwamba jambo hilo si la Kiafrika huwa amerudi kutawala kwa mlango wa nyuma. Kulazimisha mti na kuukataza ni ndugu wawili.

Basi lililo jema ni lipi? Jibu limo katika agizo ambalo Injili ya Luka yasimulia kwamba Yesu aliwapa wanafunzi wake alipowatuma: wasichukue mfuko, wakae katika nyumba itakayowapokea, wale kile watakachoandaliwa. Agizo hili ni la ajabu. Waliotumwa kutoa waliamriwa kwanza wapokee. Kutoa kuna utamu wake na fahari yake. Mtoaji husimama juu, na mkono wake huwa juu ya mkono wa mwingine. Kupokea humshusha mtu. Wamisionari wengi waliweza kutoa shule, dawa, vitabu, hata maisha yao. Lakini kupokea mlo wa maskini bila kuhesabu, na kusifu bila kudanganya, kuliwashinda baadhi yao.

Kiswahili kina maneno yanayofaa jambo hili. Watu huulizana, "Utakula wapi sikukuu?" Sikukuu huliwa, na haipendezi kuliwa peke yake. Tena katika miji ya pwani, siku ya Idi, sahani iliyofunikwa kwa kawa huvuka njia kwenda kwa jirani, awe wa dini gani, na ada njema ni kwamba sahani hairudi tupu. Noeli ikifika, ya jirani Mkristo nayo huvuka kwenda upande wa pili. Mmisionari akiipokea ya kwanza na kuituma ya pili hakuuza imani yake. Amekiri tu kwamba yeye ni jirani kabla ya kuwa mwalimu.

Na leo mizani imegeuka. Shirika la kimisionari la Apostles of Jesus lilianzishwa Moroto, Uganda, mwaka wa 1968, na mapadre wake wanatumika hata Ulaya na Marekani. Mwana wa Afrika ya Mashariki huweza kuadhimisha Noeli katika baridi, kisha ibada ikaisha, watu wakaenda kila mmoja kwa jamaa zake, milango ikafungwa, naye akarudi chumbani akiwaza ngoma, nyimbo na vishindo vya watoto vya kwao. Sheria iliyowapasa waliotangulia yampasa naye: asiwahukumu watu kwa ukimya wao, wala asidhani furaha isiyopiga vigelegele si furaha. Lakini wenyeji nao wana wajibu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba inayomwacha mtumishi wake peke yake siku ya Noeli imesoma habari ya nyumba ya wageni ya Bethlehemu, ambamo nafasi haikupatikana, bila kujiuliza yenyewe ingekuwa na nafasi.

Maana Noeli yenyewe, kwa masimulizi ya Injili, ni habari ya watu walio safarini: mtoto alizaliwa mbali na nyumba ya wazazi wake, kisha akakimbiziwa Misri. Mmisionari aliye ugenini siku hiyo hakukosa Noeli. Huenda yu karibu nayo kuliko alipokuwa kwao. Jua litakapochwa, asijihesabie watu waliofika kumsikiliza, wala mambo ya kwao aliyofaulu kuyaiga. Ajiulize amekula sahani ya nani, na kama aliipokea kwa mikono miwili.