Ini la Mtoto ni Amana

Ndugu zetu Waislamu wa Ishiara,

Tumezoea kumwona mtoto mnene tukasema, "Mashaallah, nyumba hii ina neema." Lakini unene ukipita kiasi, mafuta hujaa hata ndani ya ini, na ini halilalamiki. Mtoto hucheka na kula, nalo laharibika kidogo kidogo; likipuuzwa kwa miaka, huenda likafanya makovu. Maradhi ya namna hii watu wakiyajua kwa walevi. Leo yawapata watoto ambao hawajaonja pombe kamwe, kwa soda, chai ya sukari nyingi na kukaa kitako.

Basi mzazi afanyeje? Amtoe mtoto nje! Misuli ikifanya kazi huchoma sukari na mafuta, yasipate kurundikana katika ini. Na nafuu hii yaweza kuanza kabla uzito haujapungua. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kwa nguvu wastani wa dakika 60 kila siku.

Jua letu la Mbeere ni kali. Basi na acheze asubuhi na baada ya alasiri. Aende skuli kwa miguu, si kwa bodaboda. Mpe ndengu, mtama na maji. Usimdhihaki wala usimtese kwa njaa. Tembea naye, na umpeleke kwa daktari apimwe.

Mola ametuhalalishia chakula, akatukataza israfu. Kesho tutaulizwa juu ya amana hii.

Wabillahi tawfiq.